Mkono Machoni pa Baba Mkwe

Tupokigwe alikuwa mkulima wa viazi pale Isongole, lakini watoto walimwita mwalimu. Kila Jumamosi aliwakusanya kwenye uwanja wa kanisa, akawafundisha mambo ya anga kwa vitu vya nyumbani. Tochi ilikuwa jua, kiazi dunia, njegere mwezi. Walivizungusha mpaka wakajionea wenyewe jinsi kitu kidogo kinavyoweza kuuziba mwanga mkubwa.

Basi Septemba ile ya mwaka 2016, jua lilipokaribia kupatwa, walitoboa maboksi ya sabuni kwa sindano, ili mwanga upenye na kuchora jua kwenye karatasi nyeupe ndani yake. Sharti lilikuwa moja.

"Jua mgongoni, macho kwenye boksi. Atakayegeuka namrudisha kwao!"

Hakuwa akitania. Shangazi yake Hellen aliwahi kulikodolea jua likipatwa, na tangu siku hiyo kila uso anaoutazama una doa jeusi katikati.

Lakini kijijini maneno yalishaenea kwamba Tupokigwe anataka kuwapofusha watoto wa watu. Mumewe, Jacob, alirudi kutoka kwa baba yake akiwa amenuna.

"Baba amesema Lilian asiende."

"Lilian ni mwanangu. Mwambie nawafundisha wasilitazame."

"Nimemwambia. Hasikii."

Tupokigwe hakuweza kwenda kumweleza mwenyewe. Mzee Nsajigwa alishika mila ya Kinyakyusa ya kale: mke wa mwana hamkaribii baba mkwe. Akimwona njiani hupinda kando na kujitanda kanga; hasemi naye, seuze kumgusa. Tangu aolewe, Tupokigwe hakuwahi kuivunja.

Siku yenyewe jua liliamka safi, na Tupokigwe akaenda na Lilian uwanjani. Saa nne na ushee upande mmoja ukaanza kumegeka, na kelele zikapasuka uwanjani. "Linaliwa! Mwalimu, langu limemegeka!" Kibaridi kikaingia, mwanga ukafifia kama wa jioni.

Hapo ndipo ukungu uliposhuka kutoka Mlima Rungwe. Picha zikayeyuka ndani ya maboksi. Tupokigwe aliijua hatari yake: ukungu ukilifunika jua kidogo, jicho haliumii, mtu hujiona salama, kisha pazia linafunguka ghafla.

"Vichwa chini! Hata kama hamwoni kitu, vichwa chini!"

Alikuwa akikimbia kutoka mtoto mmoja hadi mwingine, akiwainamisha vichwa, aliposikia sauti nzito nyuma yake.

"Lilian! Njoo hapa!"

Mzee Nsajigwa alikuwa amefika, fimbo mkononi. Tupokigwe akajitanda kanga haraka na kugeukia pembeni. Lilian akasimama katikati, hajui amfuate nani.

"Haya, jua lenyewe liko wapi hilo?" mzee aliuliza, akainua uso. Juu, ukungu ulikuwa umebaki utando tu, na nyuma yake kipande cha jua kilichopinda kiliwaka. Mzee akatulia, mdomo wazi, anatazama.

"Lilian, mwambie babu asitazame!"

"Babu, usitazame!"

Mzee hakusikia. Utando ukaanza kuchanika.

Tupokigwe alimrukia. Mkono mmoja ulishika bega, mwingine ukamfunika macho, kanga ikaanguka majanini. Jua likatoka kali, likawachoma wote wawili.

Tupokigwe akamwachia mzee. Akaokota kanga, akarudi nyuma mpaka kwenye ukuta wa kanisa. Alingoja fimbo. Alingoja laana.

Mzee alifumba na kufumbua macho mara kadhaa, kisha akamgeukia mjukuu.

"Lete hilo boksi."

Lilian akamwekea sawa, jua mgongoni. Mzee akachungulia kwa muda mrefu.

"Mwambie mama yako," alisema hatimaye bila kugeuka, "nimeliona."

Akaondoka, na usiku ule Tupokigwe hakulala. Kesho yake Jacob alimpelekea baba yake jogoo kuomba radhi kwa niaba ya mkewe. Mzee alimpokea na hakuuliza ni wa nini. Tupokigwe aliendelea kupinda kando na kujitanda kanga kila alipokutana naye. Ila Jumamosi iliyofuata mzee mwenyewe alimleta Lilian kwenye uwanja wa kanisa, akamwacha getini.