Ringi Inayogongwa Polepole

Miaka michache iliyopita nilikwenda shule moja huko Masumbwe kumwombea binti yangu nafasi. Nikiwa ofisini kwa mwalimu mkuu, nje ikagongwa kengele, yaani ringi ya gari iliyoning'inizwa mtini. Mtoto wa darasa la kwanza, aliyeletwa pale kwa utundu, akajitupa chini ya meza na kuziba masikio.

"Ndivyo afanyavyo kila siku," mwalimu akasema, akiifuata fimbo. "Darasa zima linavurugika."

Bibi yake mtoto, aliyekuwa ameitwa shuleni kwa ajili hiyo, akapiga magoti. "Baba yake, mwanangu wa kumzaa, alifukiwa na kifusi kwenye shimo la dhahabu. Watu waliitwa kuja kumfukua kwa kugonga ringi kama hiyo. Huyu alikuwa mgongoni kwangu."

Mwalimu akairudisha fimbo juu ya kabati. Akamshika mtoto mkono, wakatoka hadi kwenye ringi, akamkabidhi nondo. "Kuanzia leo, utagonga wewe."

Enzi zetu tulichapwa kwanza, tukaulizwa baadaye. Wengine bado tunasubiri kuulizwa. Ndiyo maana namshukuru mwalimu yule hadi leo. Binti yangu alisoma pale, na wageni walishangaa kusikia kengele ya shule ikilia taratibu, kama mtu anayebisha hodi.