Sahani ya Mkamwana

Mzee Asukile alichora vyakula kwenye kuta za hoteli, kuanzia Mbeya hadi Iringa. Hakuchora kwa kukumbuka. Aliweka sahani mbele yake, akahesabu maharage, akachora hata ganda lililopasuka.

Mkewe alishafariki, na mwanawe Gideoni alikuwa Chunya akichimba dhahabu. Aliyempikia ni Yudith, mke wa Gideoni. Kwa desturi ya Wanyakyusa, mkwe na mkamwana hawaonani wala hawasemeshani. Yudith aliweka sahani kizingitini, akakohoa, akaondoka. Miaka mitatu Asukile alimjua kwa ugali wake tu: bonge la mviringo, lenye alama ya mwiko upande mmoja.

Mwaka 1974 mvua ilikataa, unga ukaadimika. Njaa ilikuwa na miezi kadhaa pale kliniki ilipomwagiza picha ya chakula bora. Maneno kati yake na mkamwana yalipelekwa na jirani yao, Marta.

"Mwambie sahani isipungue," Asukile alimwagiza. "Ikibadilika, picha itaharibika."

"Wenzako tumesahau hata rangi ya ugali, wewe unautafutia kivuli!"

"We mwambie tu, mama."

"Nitamwambia. Lakini, baba, umewahi kuuliza yeye anakula nini?"

"Anayepika halali njaa," alijibu, akachovya brashi.

Siku kumi na mbili sahani ilikuja vilevile. Kila alipomaliza kuchora alikula chote, maana kurudisha chakula ni kumtukana mpishi.

Siku ya kumi na tatu hakusikia kikohozi. Alisikia sahani ikianguka. Kwenye upenyo wa mlango aliona pindo la kanga chini, halisogei. Alifika kizingitini, mguu ukagoma. Akarudi dirisha la nyuma.

"Marta! Marta wee!"

Marta alikuwa mtoni. Aliporudi, Yudith alishakata roho.

"Mwepesi kama kapu tupu," Marta alisema. Jikoni alikuta sufuria moja tu, ya majani ya maboga yaliyochemshwa bila chumvi.

Hata mazikoni desturi ilimweka Asukile mbali. Gideoni alifika siku ya tatu.

"Baba, sina hata picha yake. Nichoree sura yake."

Asukile alitandika karatasi. Alichora pindo la kanga, akachora sahani. Jua lilizama brashi ikiwa imekauka mkononi.

"Mwanangu," alisema, "mimi sikumwona."