Nimemwambia Bi Mize ni Sabuni

Barua hii imetufikia kutoka Pemba. Aliyeiandika ametuomba tufiche jina lake na la hospitali yake, na majina yaliyomo ameyabadilisha mwenyewe. Maneno ni yake.

Assalaam alaykum wasomaji wenzangu. Mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na sita, asili yangu upande wa Gando, nina mke na watoto watatu. Kazi yangu ni kupiga picha za mifupa kwa mashine ya eksirei, na huu ni mwaka wangu wa tisa. Nakuombeni mnisome mpaka mwisho kabla hamjanihukumu.

Kazi hii niliipenda, sikufichini. Vuno la karafuu likiingia, wachumaji huanguka mitini, wakaletwa kwenye machela, huyu paja limevunjika, yule nyonga. Daktari hamgusi mtu mpaka nimwoneshe mfupa ulipokatika. Nikipita mjini watu huniamkia kwa jina la Fundi, na wazee wenye umri wa baba yangu hunipisha barazani. Kwa mtoto wa mkulima kama mimi, heshima hiyo ilinitosha.

Aliyenifundisha alikuwa mtu wa Unguja, nitamwita Mzee Makame. Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, aliweka mkono wake baina ya taa ya mashine na kioo cha kuoneshea mifupa, atazame kama mwanga una nguvu. Mifupa ya mkono ikionekana sawasawa, tunaanza kazi. Nami nikajifunza hivyo hivyo. Kucha zake zilikuwa nyeusi, zimepasuka, na mkono wa kulia ulikuwa na vidole vitatu tu. Siku aliyoondoka alinivuta pembeni akanambia, "Mashine hii haiumi inapokula. Mkono wako usiutie, na mtu wako usimtie."

Mwaka haukwisha tukasikia amekatwa mkono mzima, kisha tukasikia amefariki. Nilihudhuria khitma yake. Siku ya pili nikatia mkono wangu mbele ya kioo kama kawaida, kwa sababu njia nyengine ya kuipima mashine siijui.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Waume wengi walikuwa hawakubali wake zao washikwe na mwanamume, na watoto wadogo hawatulii wenyewe. Mimi ndiye niliyekwenda Vitongoji kumwomba Bi Mize, mjane wa makamo, awe anawashika wagonjwa hao. Kaka yake aliniuliza kama kazi ina hatari. Nikamwapia kuwa haina, ni kazi ya kivulini. Aproni ya risasi, ile nzito inayokinga mwili na miale, tunayo moja tu. Naivaa mimi.

Huu ni mwaka wa nne Bi Mize yuko nami. Mtoto anayelia akishikwa naye hunyamaza. Hushika kichwa, hushika mguu, na mikono yake mitupu imo ndani ya mwanga.

Tangu vuno lililopita nimechoka uchovu usioondoka kwa kulala. Chakula sikitaki, nashinda kwa kahawa tungu na tambuu. Wanangu wakinikimbilia mlangoni nawasukuma. Maji ya udhu yananichoma mikononi. Mke wangu akadhani nina mwanamke nje, na mimi nikaona afadhali adhani hivyo. Mara mbili nimemwomba daktari mtu wa kupokezana naye. Alinijibu kuwa hakuna, nisubiri. Hakusema kwa ubaya, naye amechoka.

Mwezi uliopita, asubuhi, niliweka mkono wangu mbele ya kioo nikaona ncha ya mfupa wa kidole cha shahada imelika, kama mti ulioingiwa na mchwa. Nilizima mashine nikakaa chini. Bi Mize akaingia, akauliza kama naumwa. Nikasema nimefunga. Basi akanyoosha mikono yake mbele yangu.

"Hebu nitazamie, Fundi. Miye yaniwasha wiki ya tatu hino, na kucha zapasuka. Ni n'ni?"

Niliitazama. Mikono ya Mzee Makame bila shaka ilianza hivyo.

"Ni sabuni ya hospitali, Bi Mize," nikamwambia. "Paka mafuta ya nazi."

Akanishukuru. Tangu siku hiyo huja kazini ananukia mafuta ya nazi.

Juzi nilimvulia aproni nikamwambia avae yeye. Akakataa, akasema ni nzito, na tena mimi ndiye ninayesimama karibu na mashine siku zote. Sikumlazimisha. Wallahi nilifurahi alipokataa, na furaha hiyo ndiyo inayonitisha kuliko kidole changu.

Sasa vuno linakaribia na daktari anataka mwanamke wa pili. Bi Mize amemtaja binti yake, mwenye miaka ishirini, ana mimba changa ya kwanza. Atamleta baada ya Idi, nimfundishe mimi. Jana alipita kwangu na mkungu wa ndizi wa kushukuru. Alimwambia mke wangu, "Mwanangu simpi mtu nisomwamini."

Nikisema kweli, Bi Mize atajua nilimdanganya huku nimevaa kinga, na kaka yake atakumbuka kiapo changu. Daktari keshanionya kuwa atakayewatia watu khofu ya mashine hana kazi. Wanawake nao watakosa mtu wa kuwashika, na wenye mifupa iliyovunjika wataungwa kwa kubahatisha. Nikinyamaza, nitamfundisha yule binti pa kusimama.

Mnisamehe kwa mwandiko huu mbaya, nimeandika kwa mkono wa kushoto. Idi haiko mbali. Nyinyi mlio na mama na mabinti, nishaurini: nifanye nini, na neno la kwanza nimwambie nani?