Mtori wa Mama na Kamera ya Tumboni

Siku ile naikumbuka kwa harufu ya mtori. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, nipo nyumbani kwetu Mwika, na kesho yake asubuhi nilitakiwa hospitali moja kubwa ya Moshi ili daktari aniingize kamera tumboni. Si kwa mdomo, mwanangu, wala si kwa njia ya haja. Kwa tundu.

Wewe uliyepewa tarehe ya kipimo hicho, kaa nikusimulie kwa mpangilio.

Miezi kadhaa kabla, madaktari walikuwa wamekata kipande cha utumbo wangu chenye uvimbe mbaya, kisha wakautoa mwisho wa utumbo nje kwa tundu, upande wa kushoto wa tumbo. Ukiutazama ni mwekundu na una unyevu, kama ndani ya shavu lako. Choo hutokea hapo na kuingia kwenye mfuko uliobandikwa juu ya ngozi. Sasa walitaka kuchungulia utumbo uliobaki. Swali lilikuwa moja: uvimbe umerudi, au haujarudi?

Mama alijua nimepasuliwa. Habari ya mfuko hakuijua. Niliuguzwa Bomang'ombe kwa kaka yangu, na nilipopanda kurudi nyumbani nilivaa koti hata kwenye jua kali. Karatasi ya maelekezo niliikunja nikaificha ndani ya kitabu cha nyimbo za kanisani. Iliandikwa wazi: siku ya kuamkia kipimo usile chochote kizito, kunywa maji, chai ya rangi, mchuzi uliochujwa, na jioni unywe dawa ya kusafisha tumbo.

Saa sita mchana Mama akaingia na mtori, ndizi zimepondwa na nyama, samli inaelea juu.

"Mgonjwa hapelekwi hospitali na tumbo tupu," akasema. "Watadhani huna mama."

Shangazi alikuwa amekaa palepale ananitazama. Nikachanganyikiwa. Nikikataa, nitoe sababu. Nikitoa sababu, nitoe karatasi. Nikitoa karatasi, nivue koti. Nikajiambia: mzazi aliyejifungua jana hupewa mtori, utanidhuru nini mimi? Nikanywa mabakuli mawili. Jioni nikanywa dawa. Mfuko ukajaa upesi kuliko nilivyoweza kuumwaga, nikawa mtu wa kukimbilia migombani na kurudi, sijui kama hali ile ni dawa inafanya kazi au ni mimi ninayekufa.

Asubuhi nesi mmoja, mama wa Kirua Vunjo mwenye miwani, aliutazama mfuko akanitazama na mimi.

"Jana umekula nini, kijana?"

"Mtori, mama. Kidogo tu."

"Kidogo! Unataka daktari akupime utumbo au akuhesabie ndizi?" Wagonjwa wawili wakacheka. Kisha akashusha sauti. "Ile karatasi, nyumbani ameisoma nani?"

"Mimi."

"Na anayepika ni nani?"

Nikafunga vifungo vya koti.

"Basi umempa karatasi mtu asiyeshika mwiko."

Nikapangiwa tarehe nyingine, wiki mbili mbele. Mwanangu, wiki mbili za kutojua ni ndefu. Kila tumbo liliponguruma nilidhani ndio uvimbe unanijibu.

Nilipofika nyumbani nilichuma jani la isale, lile tunaloombea msamaha huku kwetu, nikaliweka mkononi mwa Mama. Kisha nikavua koti. Akauona mfuko.

"Ni hili tu ulilokuwa unanificha? Mimi niliyekuosha uchafu tangu siku uliyozaliwa?" Akajifuta macho kwa kanga. "Haya. Huo mchuzi unachujwaje?"

Mara ya pili alinisindikiza mwenyewe. Nilibeba mifuko miwili ya akiba, na jioni ya dawa nilivaa mfuko mkubwa unaofunguka chini. Nililazwa chali, mfuko ukatolewa. Daktari alipaka mafuta ya kutelezesha, akapima tundu kwanza kwa kidole, ndipo akaingiza mrija mwembamba unaopinda, wenye taa na kamera. Tundu lenyewe halina hisia ya maumivu kama ngozi. Nilichosikia ni tumbo kujaa hewa na kusokota, kwa sababu huwa wanapuliza hewa ili waone vizuri. Nilichomwa sindano ya kutuliza, na mengine nayakumbuka kama ndoto: ukutani kioo kama cha televisheni, ndani yake njia nyekundu inayong'aa, nami sielewi kwamba yule ni mimi.

Waliona kinyama kidogo kilichoota ndani, wakakikata bila mimi kuhisi, wakakipeleka maabara. Matone mawili matatu ya damu yalitoka, wakaniambia ni kawaida. Mfuko mpya ukavimba kwa hewa kama mpira, Mama akacheka mpaka nesi akaja. Majibu yalipotoka, hakikuwa uvimbe ule. Haukuwa umerudi.

Mficha maradhi, mwanangu, kifo humwumbua. Mimi ilibaki kidogo tu. Kwa hiyo usikunje karatasi. Msomee anayekupikia, msomee na atakayekusindikiza, maana ukichomwa ile sindano hutakiwi kurudi peke yako. Kama unatumia dawa za kisukari au za kuifanya damu iwe nyepesi, mwambie daktari mapema, akupangie. Ukirudi nyumbani ukaona damu nyingi, homa, au maumivu yasiyopungua, usingoje kesho, rudi hospitali. Na usipoelewa, uliza, kisha uliza tena. Mimi nilichanganyikiwa na kuogopa kuuliza, na woga wangu ulinigharimu wiki mbili za maisha.

Mama amekwisha kutangulia. Isale bado linaota pale mpakani. Ruwa, Mungu wa wazee wetu, akutangulie mezani pa daktari, mkono wake uwe mwepesi, majibu yako yawe mepesi. Na ukirudi salama, mtori utakusubiri jikoni, safari hii kwa wakati wake.