Marehemu Aliponyamaza

Kwa fundi wa redio, Darajani, bibi mmoja alifungua kanga akatoa mashine ya kurikodia kanda, ya marehemu mumewe. Ndani mlikuwa na wimbo wao: udi, fidla, dumbak na sauti ya mume. Bi alitaka kutia kiitikio chake, ambacho mumewe alikuwa akikiahirisha kila siku.

“Ina nafasi nne tu za sauti, Bi, na zote zimejaa,” alisema fundi.

“Si tugeuze upande wa pili?”

“Nne hizi zimekula kanda nzima, pande zote mbili. Ukigeuza, atakuimbia kinyumenyume.”

Bi akashika tama. Fundi akasikiliza tena, akainua kidole. “Kila baada ya ubeti ananyamaza. Naweza kukurikodi papo hapo, kwenye nafasi yake. Ila nikichelewa kuzima, nitamfuta neno.”

Bi akajifunga kanga kiunoni. “Bonyeza. Umri mzima yeye ndiye alokuwa akinikatiza.”

Akaimba. Mimi nilikwenda kuchukua redio yangu tu, lakini nilikaa mpaka mwisho. Kumbe kila marehemu aliponyamaza, hakuwa akivuta pumzi. Alikuwa akimngoja mkewe.