Majivu Kwenye Dirisha la Plastiki

Nakumbuka Jumamosi moja, mwanangu, nimelala kifudifudi chini ya miti ya miwati, kwenye mteremko juu ya kijito, nawachungulia akina mama wakiosha gari. Si jambo la kujivunia kwa kijana mzima. Lakini kesho yake mkutano wa kijiji ulikuwa uamue kama ninyang'anywe funguo za gari hilo, nami nilitaka kumjua adui yangu kabla hajasimama kusema.

Kijiji chetu cha ujamaa kilikuwa mlimani, juu ya Soni. Tulikuwa na Landrova moja kuukuu yenye turubai, na nyuma ya turubai palishonwa dirisha la plastiki angavu, ile laini inayokunjika, dereva aone nyuma na watu waone kilichopakiwa. Dereva nilikuwa mimi. Nilishusha kabichi na viazi hadi Mombo, nikapandisha sukari, sabuni na mafuta ya taa ya duka la kijiji. Barabara ilikuwa ya vumbi jekundu. Ukifika juu, gari lote limekuwa rangi ya tofali.

Gari lilikuwa la wote, kwa hiyo liliogeshwa na wote. Kila Jumamosi nyumba kumi fulani zilishika zamu, na kamati ilikataza dereva asionekane kijitoni. Walisema dereva akisimamia kuosha ataanza kujiona ndiye mwenye gari. Nani angebisha siku zile? Nilikuwa naliacha pale kando ya maji, naenda zangu shambani kwa mama.

Haikupita miezi mingi dirisha likaanza kufifia. Kwanza kama ukungu wa asubuhi kwetu, kisha likawa jeupe, ukisimama nyuma ya gari huoni gunia wala mtu. Nawe ujue, enzi hizo neno mlanguzi, mtu wa kuuza bidhaa kwa magendo, lilitosha kumvunjia mtu nyumba. Nikaanza kusikia mazungumzo yakikatika nikipita. Mdoe, mtunza duka, ndiye aliyenitamkia, tena huku anatabasamu.

"Ndugu Dereva, dirisha lako limepata mtoto wa jicho?"

"Ni la kijiji, si langu."

"Aa, la kijiji. Ila kijiji hakioni ndani. Wanasema pale Soni unapumzika sana."

"Wanasema akina nani?"

"Watu, ndugu yangu. Watu."

Nikatoka pale nimeshahukumu: ni yeye. Ana mdogo wake anayejua kuendesha, anamtafutia kazi. Bila shaka anakuja kulikwangua dirisha kwa msasa nisipokuwepo. Nililichunguza. Upande wa ndani plastiki ilikuwa nyororo kabisa, michubuko yote ilikuwa nje, tena imekwenda duara duara. Nilikwisha kuiona michubuko ya namna hiyo mahali, ila hasira haikunipa nafasi ya kukumbuka ni wapi. Ndiyo maana nikajificha kwenye miwati, kumngoja Mdoe.

Mdoe hakutokea. Alitokea Mama Nyange, mama wa makamo aliyekuwa akiongoza zamu ile, mtu anayeheshimika hata na Mwenyekiti. Alianza kwa kufuta vumbi la dirisha kwa kipande cha kanga kikavu. Kisha akachota majivu, akakunja tambara, akasugua kwa kuzungusha, kwa nguvu zote, kama wanavyosugua sufuria kwetu mpaka ujione uso.

"Hili nalo halitakati," nikamsikia akisema. "Ongezeni majivu."

Hapo nikakumbuka nilikoiona michubuko ile: kwenye matako ya sufuria za mama yangu. Nikabaki kimya kwenye miwati yangu. Nilisema moyoni, nikishuka sasa watakana wote. Ngoja kesho, mbele ya watu.

Jumapili, Mwenyekiti akaniita katikati. "Ndugu Dereva, tueleze. Dirisha limepofuka lenyewe?"

Niliwaongoza wote hadi kwenye gari. Ubavuni mwa turubai palikuwa na dirisha dogo ambalo siku zote lilifunikwa na kipande cha turubai. Nikakifungua. Plastiki ilikuwa safi kama siku iliposhonwa. Nikamgeukia Mama Nyange.

"Shikamoo, mama. Naomba usugue hii pembe kwa majivu haya niliyoleta, kama ulivyosugua jana."

"Marahaba. Makubwa haya." Akasugua kidogo, akasuuza. Pembe ikawa nyeupe. Akaitazama, akautazama mkono wake.

"Kumbe mlanguzi ni mimi!"

Watu wakacheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi nikacheka kuliko wote. Yeye akangoja tunyamaze.

"Umesema kama nilivyosugua jana. Jana ulikuwa wapi, mwanangu?"

"Kwenye... kwenye miwati, mama."

"Ukanitazama naharibu mali ya kijiji, ukakaa kimya, upate cha kunionyesha leo?"

"Nilidhani..."

"Ulidhani. Na hawa nao walidhani. Neno 'mama, acha' lilikushinda?"

Hakucheka mtu tena. Funguo niliachiwa, na kanuni ikabadilishwa, dereva awepo kijitoni. Mdoe ndiye aliyekuwa wa kwanza kupiga makofi. Mpaka leo sijui aliyapiga kwa moyo gani.

Jumamosi iliyofuata tuliosha pamoja, mimi na Mama Nyange. Tulimwaga maji mengi kwanza, vumbi likatiririka lenyewe. Tukapitisha povu jepesi la sabuni kwa kiganja, tukasuuza. Kisha nikapaka dawa ya meno kidogo kwenye flana laini iliyolowa, nikasugua taratibu kwa kwenda na kurudi, bila kukandamiza. Ukungu ukapungua, umbo la mtu likaonekana. Michubuko mirefu haikutoka. Ilibaki mpaka turubai lilipochakaa.

Basi sikiliza, wewe unayeoshea watu magari, na taa za siku hizi nazo ni plastiki. Usifute vumbi kavu, kwa maana vumbi ni mchanga. Maji kwanza, tena mengi. Usitie majivu, wala petroli, wala mafuta ya taa. Tambara likidondoka chini, usilirudishe kwenye plastiki kabla ya kulifua. Na ukimwona mwenzako anakosea, mwambie papo hapo, hata kama unamshuku. Chunguza kila kitu, sikukatazi, mimi mwenyewe sijaacha. Lakini usimwache mtu aharibu ili wewe upate ushahidi.

Mungu akupe mikono myepesi, mwanangu, na watu wa kukuambia "acha" mapema.