Uji wa Maca

Mwalimu wetu wa mitishamba pale Guangzhou, China, aliwahi kuniambia mbele ya darasa zima kwamba pua yangu haikukulia kwenye dawa. Hakusema kwa ubaya, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Nilikuwa nimeshafeli mtihani wa kutambua mizizi mara moja. Nikifeli tena, ufadhili unakatika na narudi Moshi mikono mitupu, kwa baba aliyekwisha kuwatangazia majirani kwamba bintiye anasomea udaktari.

Faraja yangu ilikuwa mtaa wa Dengfeng, kwa mama mmoja wa Mbeya aliyekuja kununua mikoba. Hatukuwa na udugu, ila alinilisha. Siku moja alirudi kutoka maonyesho ya biashara ya Pazhou na pakiti ya unga, zawadi ya mnunuzi wa Peru aliyekaa naye kwenye foleni. Ulikuwa unga wa maca, mzizi wa milimani kwao, unaosifiwa kwa nguvu na kwa wanaotafuta mtoto. Kijiko kimoja tu kwenye kikombe, pakiti iliagiza. Mama yule, ambaye kwake kila unga ni uji, akauchanganya wote na ulezi aliotoka nao nyumbani, akakoroga sufuria nzima.

"Mama, hii ni dawa," nilimwambia.

"Dawa gani ya kijiko? Kunywa, mwanangu. Hata laoban, yule bosi wa duka la mikoba, ameniuliza kama mwanangu anakula."

Ulinuka figili za kuchemshwa na sukari iliyoungua. Nilikunywa vikombe viwili kwa heshima, cha tatu kwa kupenda. Kesho yake mama alimsimulia yule mnunuzi wa Peru, akijua atachekwa. Mnunuzi alifurahi kupita kiasi: bibi zake huanika mzizi huo kwenye jua na baridi kali, kisha huuchemsha na kuupikia uji. Kijiko ni mambo ya wauza pakiti.

Siku ya mtihani tuliingia mmoja mmoja. Kufika mzizi wa mwisho nilijua nimeshakosa mingi, na huo ndio ungeniamulia. Haukuwa kwenye vitabu vyetu: kitu kidogo, kimejikunyata, kikavu. Nilinusa, sikupata kitu. Nikafungua chupa yangu ya maji moto, ile ambayo kila mtu Guangzhou hutembea nayo, nikaomba kikombe na ruhusa ya kuloweka kipande. Mwalimu alisita, akaitikia. Nikafunika kikombe, nikasubiri roho ikiwa juu. Nilipofunua, jiko la Dengfeng lilinijia puani lote.

"Ni maca," nilisema.

"Imeanza kulimwa huku kwetu, mkoa wa Yunnan," alisema mwalimu. "Wenzako wawili walioitambua wameniambia ni ya kuloweka kwenye pombe, wanywe wanaume. Wewe unasemaje?"

"Kwanza ni chakula, mwalimu. Inakaushwa, inachemshwa, inapikwa uji. Wenyewe wanaila kwa nguvu na uzazi. Kama inaleta mtoto, sijui. Inashibisha, hilo nimelihakikisha mwenyewe."

Alicheka, akatia alama kwenye karatasi yangu, akasema nimefaulu. Nilitamani kuruka juu ya meza. Kisha akaniuliza uji hasa unapikwaje. Nikatoa kifua mbele nikaanza kueleza, naye akavuta daftari lake.

"Taratibu," aliniomba, akiandika. "Kinachotangulia ni unga, au maji?"